Kiazi Mviringo na Kitabu cha Mwalimu Atuganile

"Mimi sijawahi kuacha kitabu njiani," Lugano aliandika kwenye kundi. "Nikikishika nakimenya kama ndizi, natafuna chote, nyie mnabaki na ganda."

Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka. Ilikuwa miaka ile simu za kupangusa zilipoanza kushuka bei, na kila kikundi, kuanzia kwaya hadi wauza parachichi, kikahamia WhatsApp. Kundi la Lugano liliitwa Wasomaji wa Milimani: walimu, wauguzi, wanachuo wa Mbeya, na wachache waliohamia Dar wakabaki kuililia baridi. Kila mwezi walipigia kura riwaya moja mpya, wakaitafuta, wakaisoma, wakagombana. Lugano, fundi simu wa Bulyaga, Tukuyu, aliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo huyatania mwenyewe kabla hujayatania wewe, hakutumia jina lake humo. Alijiita Kiazi Mviringo, na picha yake ilikuwa kiazi kilichovaa miwani. Kiazi akisema kitabu kibovu, kimeoza.

Mwezi huo Hezron, msimamizi wa kundi, akauliza kutoka Mbeya: "Jamani, kuna riwaya inaitwa Njia ya Nyuma. Kaiandika mwalimu wa shule ya msingi huko Lufingo, Atuganile, kachapisha mwenyewe. Nani wa Tukuyu kaisoma, atuambie kabla ya kura?"

Nani kama si Kiazi? Na kitabu kweli alikuwa amekishika. Mvua ilimfungia dukani kwa Mwanaheri, kati ya madaftari na mafuta ya taa, akakitoa kwenye rafu na kusoma sura ya kwanza akiwa amesimama. Mvua ilipokatika akakirudisha, akaenda zake. Katika sura hiyo mwanamke kijana, Sekela, kila akimwona mzee fulani njiani anajitosa migombani na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Mnyakyusa gani anahitaji kuelezwa? Mkamwana hakutani na baba mkwe. Bibi yake Lugano kule Suma alizunguka nyuma ya nyumba miaka yote ya ndoa yake kwa sababu hiyo hiyo. Lugano akaona ameshaujua mwisho hata kabla ya kuufikia.

"Nimekimaliza chote, wapendwa," akaandika. "Tangu mwanzo mpaka mwisho mkamwana anamkimbia baba mkwe. Anaingia migombani, anatoka migombani. Nilitamani niwe mgomba, walau ningekatwa nikapumzika. Mwenye hamu na habari hizi aende Suma kwa bibi yangu, atasimuliwa bure na mtindi juu."

Kundi likalipuka. "Asante Kiazi, umetuokoa!" Kura zikaenda kwingine kabisa. Mtu wa Dar akayaweka maneno yote ya Kiazi Mviringo, na jina lake chini, kwenye picha nzuri yenye maua, picha ikatembea kundi kwa kundi, mpaka ikafika kwenye simu za walimu wa Lufingo.

Wiki iliyofuata Lugano alikuwa dukani kwa Mwanaheri akimbadilishia kioo cha simu, mara Atuganile akaingia na mfuko mtupu.

"Ugonile, mwalimu," Lugano akamsalimu.

"Ndaga, Lugano." Akamgeukia Mwanaheri. "Mama Yussuph, nimekuja kuvichukua vitabu vyangu."

"Viache, mwalimu," Mwanaheri akasema. "Havili ugali."

"Havili. Ila kila nikipita hapa vinanitazama."

Akaanza kuvishusha rafuni, akivifuta vumbi kwa kiganja. Kisha akageuka. "Wewe Lugano, fundi simu, unawajua watu wa mitandaoni. Huyu Kiazi Mviringo ni nani?"

Skrubu ilimponyoka Lugano ikaingia chini ya kaunta. Akainama kuitafuta, akakaa huko chini muda mrefu kuliko skrubu ilivyohitaji.

"Simjui, mwalimu. Wale hata sura hawana."

"Sitaki kumgombeza. Angesema alikiacha njiani ningeelewa, vitabu vinaachwa. Lakini yeye amekimaliza. Amefika mpaka neno la mwisho na bado hakuona kitu ila baba mkwe. Basi tatizo ni langu. Kitabu cha pili nilikuwa nimefika nusu, nimekifungia kabatini. Nitachuma chai yangu, inatosha."

"Usiseme hivyo, mwalimu!" Mwanaheri akafoka.

Lugano alijua pale pale kwamba neno moja lingemfungulia mwalimu lile kabati. *Sikukisoma.* Mdomo uliozoea kuropoka ukakwepa. Kilichotoka kilikuwa hiki: "Naomba kimoja nikasome, mwalimu."

Atuganile akatabasamu kidogo, akampa. "Ukimaliza niletee nyumbani. Na uniambie ukweli, hata ukiuma."

Siku zile kundini wakauliza, "Kiazi umelala?" Akawatupia kikatuni cha kucheka, akajiona kama mtu anayecheka msibani. Kitabu alikilaza juu ya kabati, akakishusha, akakirudisha. Hakukifungua. Aliogopa kukikuta kizuri.

Jumamosi akashika njia ya Lufingo na kitabu kwapani, ameazimia kukirudisha na kusema. Njiani akawa anajaribu maneno. Akiyatia mzaha, yalisikika kama tusi jipya. Akiutoa mzaha, yalisikika kama yeye mwenyewe, na huyo ndiye aliyekuwa hataki mwalimu amwone. Alipofika kwenye kona ya mashamba ya chai, nyumba ya mwalimu ikaonekana pale juu. Akakaa kwenye ukingo wa barabara. Kwa kuahirisha tu, akafungua sura ya pili.

Akasahau kuahirisha. Akasoma huku ukungu ukipanda na kushuka, na mtu wa bodaboda aliyempigia honi hakumsikia. Katika sura ya tatu yule mzee anateleza kwenye tope, na hakuna mtu wa karibu ila Sekela. Sekela anatoka migombani bila kanga usoni, anamwinua, na kwa mara ya kwanza nyuso zile mbili zinakaa pamoja mahali penye mwanga: paji lile lile, kidevu kile kile. Mzee hakuwa mkwe wake kamwe. Alikuwa wa rika la mkwe wake, anayekwepwa kwa heshima ile ile, ndiyo maana kijiji hakikushangaa. Sekela alijificha ili asije mtu akawaona wawili hao bega kwa bega akajua kuwa Sekela ni binti yake, yule aliyemkana angali tumboni.

Nywele zikamsimama Lugano. Naye akasimama nazo.

"Kumbe si mkwe!" akapayuka peke yake barabarani. "Ni baba yake mzazi! Mungu wangu, na mimi nimewatangazia watu kundi zima ni mkwe!"

Chai ikachakarika. Mistari miwili tu kutoka barabarani, Mwalimu Atuganile akanyooka taratibu, kapu mgongoni, majani mabichi mikono yote miwili. Hakuwa na haraka. Alimtazama, akakitazama kitabu, akamtazama tena.

"Uliwatangazia watu gani, Lugano?"

Lugano akakifumba kitabu. Kidole chake kilikuwa bado ndani, kwenye sura ya tatu.