Uzi Mwekundu Juu ya Kopo la Choroko

Harufu ilimfikia fundi cherehani alipotoa kopo frijini, kabla hajabandua mfuniko. Zile choroko alizoziotesha mwenyewe, juzi zikiwa na vimikia vyeupe pe, leo zilikuwa zimelala hoi ndani ya kopo, zinateleza kama kamasi, vimikia vimegeuka kahawia.

Kopo la tatu hilo kwa wiki mbili. Na wiki mbili ndizo hasa alizokaa wifi yake, mpishi wa shule, aliyekuja na begi moja na mimba ya miezi sita, akilala kwenye mkeka sebuleni "mpaka mambo yatulie."

"Wifi, umefungua friji?"

"Nimechukua maji tu, wifi yangu. Kwani na maji siku hizi yana zamu?"

Mpishi akacheka. Fundi hakucheka, aliuhifadhi mzaha ule kama ushahidi.

Jioni alimpigia simu mumewe, aliyekuwa safarini na pikapu yake ya mizigo.

"Dada yako ananihujumu. Anatia mikono kwenye kopo langu, makusudi."

"Mama watoto, tugombane kwa choroko?"

"Leo choroko, kesho sijui nini. Mtafutie chumba."

"Ijumaa nitamhamisha. Lakini uwe na uhakika. Hali yake unaijua, na huko atakaa peke yake."

Uhakika! Fundi akaloweka choroko nyingine, akaziotesha. Jumatano zilipokuwa tayari alizisuuza, akazijaza koponi, akachukua chupa yake ya kunyunyizia nguo kabla ya pasi, akazipulizia maji mpaka zikang'aa, zisije zikanyauka. Akabana mfuniko. Kisha akalizungushia kopo uzi mwekundu na kuufunga kwa fundo lake la kazini, ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyelijua.

Ijumaa asubuhi uzi ulikuwa palepale. Fundo lilelile. Akaukata kwa meno, akafungua, na harufu ikampiga usoni.

"Hiyo ni hirizi?" Wifi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Uzi tu."

"Wa kunitega mimi." Mpishi alivuta stuli, akakaa polepole, mkono tumboni. "Basi na mimi nikwambie. Unajua kwa nini sili humu ndani, nakula shuleni tu? Siku ya kwanza ulinipa choroko zinateleza. Nikasema, huyu ananitakia mabaya, mimi na mwanangu."

"Mimi? Nikulishe uozo?"

"Na mimi nikutilie mikono koponi?"

Wakatazamana, kila mmoja akimpima mwenzake. Ndipo macho ya mpishi yakatua juu ya friji.

"Hii chupa ya pasi inafanya nini jikoni?"

"Nazinyunyizia. Zisikauke."

Mpishi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi! Hicho ni chakula, si shati! Ukishazisuuza, zitandaze kwenye taulo safi mpaka zikauke kabisa. Chini ya kopo weka kitambaa kikavu, mfuniko usiubane sana, na ziwe friji muda wote. Siku tatu zinatosha. Zikiteleza au zikinuka, tupa, wala usionje. Na mwenye mimba kama mimi mpikie ziive, hata ziwe nzuri namna gani."

Honi ikalia nje. Fundi alitoka mbio. Nyuma ya pikapu kulikuwa na godoro jipya limefungwa kamba.

"Chumba kimepatikana," mume alisema. "Uhakika je?"

"Ninao. Mharibifu ni mimi." Fundi alikwishaanza kufungua kamba. "Shusha godoro, liingize ndani."

"Godoro la nani hilo?" Mpishi aliuliza kutoka mlangoni, macho ameyakaza.

Fundi alitamani kudanganya. "Lilikuwa la kukuhamishia, wifi. Nilikusemea vibaya. Sasa ni la kulalia, humuhumu."

Mpishi aliingia ndani, akaloweka choroko nyingine, akatandaza taulo mezani.

Jumapili choroko zilipikwa, zikaiva. Mpishi alivuta sahani yake, akainusa kwanza. Fundi alimwona, akakohoa, kisha naye akainusa ya kwake.