Marudio ya Alasiri

Kwenye karakana ile ya kushona sare hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Maktaba, na yeye aliitika kwa raha zake zote, kama aliyezaliwa nalo.

Jina lilitoka redioni. Kila alasiri redio iliyokaa juu ya rafu ya nyuzi ilikuwa na chemshabongo: jiografia, filamu, teknolojia, michezo, historia, ya kila aina. Vyerehani vilipunguzwa mwendo ili watu wasikie. Mtangazaji akiuliza Kombe la Dunia la kwanza la soka lilichezwa nchi gani, mshiriki akiwa bado anajing'atang'ata, Maktaba alishasema "Uruguay" bila hata kuinua macho kwenye kitambaa. Akiuliza ni ndugu gani Wafaransa walioonyesha filamu zao Paris mwaka 1895, "Akina Lumière hao." Wenzake waligonga meza kwa mikasi. Fundi mkuu, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alitikisa kichwa tu na kutabasamu.

Kumbe kipindi kile cha alasiri kilikuwa marudio. Chenyewe kilirushwa alfajiri, saa ambayo wenzake wako njiani au wanahangaika na watoto. Yeye alikaa uani, nyuma ya karakana, safari hana. Alinyoa ndevu huku karedio kake kakinong'ona dirishani, akayameza majibu pamoja na chai, na alasiri akayatema. Basi, elimu yote ilikuwa hiyo. Mtangazaji hakuwa na desturi ya kusema kuwa ni marudio, na yeye hakuona sababu ya kumsaidia.

Tuseme haki, alianza kwa mzaha. Siku ya kwanza alikusudia kuwaambia, wacheke, yaishe. Lakini binti yake, aliyekuwa akishona vifungo meza ya pili, aligeuka akamtazama kwa muda mrefu, na yeye akaona pale fahari ya mtoto kwa baba yake. Ulimi ukawa mzito. Kesho yake ukawa mzito zaidi.

Mambo yakaharibika redio ilipotangaza shindano la watu wawili wawili kutoka sehemu za kazi, zawadi ni kifaa chochote ambacho washindi wanakihitaji kazini. Karakana ilihitaji cherehani cha umeme kama mgonjwa anavyohitaji dawa. Fundi mkuu hakumuuliza Maktaba, alimwambia tu. Binti akasema, "Mimi nitakwenda na baba." Kuanzia hapo kila jioni alikuwa na atlasi ya kuazima mezani.

"Usijichoshe, mwanangu," baba alimwambia.

"Nasoma tu, baba."

Muda wa kusema ukweli ulikuwepo, tena wa kutosha. Aliuacha upite. Wenzake wakaisogeza meza ya kukatia vitambaa, wakaacha nafasi dirishani ya kuweka cherehani kipya, na kila alipoipita nafasi ile aligeuza uso.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye zulia hadi ukutani. Maswali yalipoanza, Maktaba alijikuta mtupu kabisa. Binti akainama sikioni pake, akanong'ona, na yeye, aliyeruhusiwa peke yake kusema, akasema. Likaja jingine, akanong'onezwa tena. Wakaenda hivyo mpaka wakalingana na mafundi umeme waliokaa upande wa pili. Likabaki swali moja.

"Tumesikia huko kazini wanakuita Maktaba," mtangazaji alisema akicheka. "Haya, Maktaba. Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani?"

"Baikal, baba," binti alinong'ona.

Asubuhi nzima alikuwa amebebwa na mtoto wake, na alitamani apate walau jibu moja la kwake. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Hili nalijua." Akaachia. "Tanganyika."

"Pole sana. Tanganyika ni la pili. Ni Baikal."

Njia nzima ya kurudi binti alitembea hatua mbili mbele yake. Kazini nako wenzake, waliojua tu kwamba wawili hao walikwenda kurekodiwa, hawakutaka kuambiwa. "Kaeni kimya," fundi mkuu alisema. "Tutasikia wenyewe."

Kesho yake alfajiri Maktaba hakuthubutu kufungua karedio kake, na alasiri vyerehani havikupunguzwa mwendo, vilizimwa kabisa. Redio ikaanza. Na kile ambacho Maktaba hakukijua, kipaza sauti kilikuwa na masikio makali. Kila jibu lilisikika mara mbili, kwanza kwa sauti ndogo ya binti, kisha kwa sauti yake nene. Mikasi iliyoinuliwa ili igonge meza ikashushwa polepole. Hatimaye ikasikika, wazi kabisa, "Nyamaza, mwanangu. Hili nalijua."

Fundi mkuu alinyoosha mkono akaizima redio. Hakuna aliyemtazama Maktaba, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Haya tunayosikiliza alasiri ni marudio," alisema. "Huwa nayasikia alfajiri. Siku zote ilikuwa hivyo, tangu siku ya kwanza. Mimi sijui kitu."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha. Maktaba alimgeukia binti yake, maana yeye ndiye aliyemwogopa kuliko wote. Binti alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Mimi najua, baba. Chumba changu si kiko karibu na dirisha lako?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo hiyo ya kwanza. Nilikutazama nikingoja ucheke, na mimi nicheke."

"Na ile atlasi?"

"Nilijua hutajua kitu," alisema taratibu, bila ubaya wowote. "Nikasema si neno, nitakunong'oneza."

Maktaba alitaka kusema nisamehe. Lakini chumba kizima kilikuwa kimetulia kumsikiliza, kama kilivyomsikiliza siku zote, na safari hii hakuwa na jibu alilolisikia asubuhi.