Goti la Mzee Onsongo

Mzee Onsongo hana ugonjwa wa goti. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu Ijumaa nzima nililitetea goti lake kwa Kichina mpaka nikaishiwa na maneno.

Mimi ndiye mkalimani. Nilisoma Kichina chuoni miaka minne, nikarudi kwetu Manga nikidhani nitatafsiri mikataba. Kumbe kazi yangu ni kutafsiri visingizio.

Bwana Shen aliletwa na mradi wa ushirikiano kukifundisha kikundi chetu cha wakulima kutumia mashine ya kuchuma chai. Mashine yenyewe hubebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa michai, wakitazamana, kisu kirefu kikipita juu ya majani katikati yao. Sheria ya Shen ilikuwa moja: wanaobeba wawe na kimo sawa, la sivyo kisu kitalala upande na kukata matawi. Asubuhi alitupanga kwenye ukuta wa ghala, akatupima kwa utepe kama fundi wa nguo, akaandika majina mawili mawili.

Watu warefu kikundini ni wawili tu, Mzee Onsongo na Bosibori. Na Bosibori ameolewa na mwana wa Mzee Onsongo.

Hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani hata mikono, sembuse kutazamana uso kwa uso wakiwa wameshika chuma kimoja kinachotetemesha mwili mzima. Tunaita chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake. Watu ishirini walisikia majina hayo yakisomwa, na wote ishirini wakaanza kuchunguza viatu vyao.

"Hakuna shida," akasema Makori, mwenyekiti wetu.

Hakuna shida! Maneno hayo yangepigwa marufuku kaunti yetu yote ya Nyamira, ningekuwa wa kwanza kushangilia.

Zamu yao ilipofika, mzee akashika goti. "Abigael mwanangu, mwambie goti linanisumbua." Nikatafsiri. Shen akawaruka. Zamu iliporudi, Bosibori akapata kizunguzungu. Mara ya tatu likawa goti tena, safari hii la kushoto.

"Si lilikuwa la kulia?" Shen akaniuliza.

Nikamwambia maumivu yamehama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wale wengine nao hawakuwa wakifanya vizuri. Kila wawili walipopita, michai ilibaki imekatwa mshazari, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Shen alikaza skrubu, akanoa kisu, akakaza skrubu tena, huku akinung'unika maneno ambayo sikufundishwa chuoni.

Saa nane akatoa kalamu. Alikuwa na nafasi sita za waendeshaji, na orodha ilitakiwa jioni hiyo, maana hapa kwetu tu Wasabato, Jumamosi watu wako kanisani na Jumapili yeye anakwenda Magwagwa. Akapiga mstari juu ya jina la Bosibori.

Bosibori aliuona. Hakuna mchumaji hodari kama yeye kikundini, lakini mashine moja inafanya kazi ya watu kumi na zaidi, na asiyekuwa kwenye orodha hana kazi msimu ujao. Akanivuta nyuma ya ghala.

"Abi, usimwambie sababu. Ni aibu. Acha tu nikose."

Hapo hasira zikanipanda. Nilimkasirikia yeye, na mzee, na Makori, na Shen na utepe wake, na zaidi ya wote mimi mwenyewe niliyekuwa nikidanganya tangu asubuhi kwa lugha mbili. Nikamwendea Shen. Neno la chinsoni sina kwa Kichina, kwa hiyo nikasema tu kwamba yule mzee ni baba wa mume wa Bosibori, kwamba hapa hawawezi kusimama vile, na kwamba wako tayari kupoteza kazi kuliko kumwambia.

Shen akafoka kunizidi. "Tangu asubuhi! Kwa nini hamkusema tangu asubuhi? Nyanya yangu hakuwahi kula meza moja na baba mkwe wake! Mnadhani nisingeelewa?" Kisha akashusha pumzi. "Lakini kimo ni kimo. Waliobaki wote ni wafupi."

Nikampelekea Bosibori jibu hilo. Akacheka, si kwa furaha.

"Muulize kwao wanapanda chai wapi."

Kwenye matuta yaliyosawazishwa, akasema Shen.

"Basi. Hapa ni Manga, ni mlima. Mmoja anasimama juu, mwingine chini. Ukiweka wawili wa kimo sawa, kisu kitalala tu. Kimelala asubuhi nzima na yeye anakaza skrubu! Anipe Purity."

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Ningemkosoaje mgeni mbele za watu?"

Nilishika kichwa.

Purity ni mfupi kiasi kwamba Shen alimpa kazi ya kushika mkia wa mfuko wa majani nyuma ya mashine. Akasimama upande wa juu, Bosibori upande wa chini, wakatembea kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Shen akapiga magoti, akaweka pima maji juu ya michai, akaiangalia kwa muda mrefu. Alipoinuka aliichana ile orodha, akaanza nyingine, na jina la kwanza lilikuwa la Bosibori.

Hapo akaja Mzee Onsongo, akitembea vizuri kabisa. Akasimama kando yangu, uso ameuelekeza bondeni.

"Abigael, mwambie yule aliyeshika upande wa chini kwamba amekata vizuri. Mwambie nilikuwa naogopa atakosa kwa ajili yangu."

Bosibori alikuwa hatua nne kutoka pale. Alisikia kila neno, lakini hakuinua macho wala kujibu. Alikuwa ananingoja mimi. Basi nikamgeukia, nikayarudia yote, kutoka Kigusii chetu hadi Kigusii kile kile.

Akafuta macho kwa mkono wenye utomvu wa chai.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie asante. Na goti lipone."

Nikatafsiri.