Kubwa Kuliko ya Violet

Mimi sina roho mbaya, ila Violet alinitafuta. Pale Rujewa tunatazamana mlango kwa mlango, na TV ya mtaa ilikuwa yake, inchi arobaini na tatu, anazitaja hata ukimuuliza bei ya nyanya. Jioni tamthilia ikianza nakwenda kupiga hodi. Ananisikia, anakaa kimya kwanza. Nikishaingia ananikalisha mkekani karibu na mlango, na pale mambo yanapopamba moto anapiga miayo, anazima, anasema macho yamechoka. Macho! Mbona mdomo hauchoki?

Nikamwambia mume wangu Nkuba, baba yake Paulo, kwamba mpunga ukiuzwa sitaki gauni wala viatu, nataka TV kubwa kuliko ya Violet. Nilitaka siku moja tu aje yeye apige hodi kwangu, na mimi nikae kimya. Basi.

Sasa Nkuba amekulia nyuma ya ng'ombe, na kila kitu duniani anakinunua kama ng'ombe. Alikwenda kwanza Iringa, akazunguka maduka mpaka Ipogolo, akarudi mikono mitupu eti TV za huko hazina afya. Ndipo tukaenda wote Mbeya, kwenye duka la Mwanjelwa la mzee mmoja mpole anaitwa Isihaka. Nkuba akaizunguka TV ya inchi hamsini na tano, akaipiga kofi mgongoni, akainama kukagua miguu, akauliza inakula kiasi gani. Isihaka akasema umeme inakula kidogo sana. Nkuba akaguna. Kwake yeye, kisichokula kina ugonjwa.

Kisha akatoa mfukoni futi ya fundi cherehani, akapima kutoka kushoto kwenda kulia. Arobaini na nane. Akarudia, zile zile.

"Mzee, inchi saba zimekwenda wapi?"

Isihaka akaeleza taratibu kwamba TV hupimwa kona kwa kona, kuanzia juu huku mpaka chini kule, na ndivyo ilivyo dunia nzima. Nkuba akamwangalia kwa huruma.

"Mimi nanunua ng'ombe tangu sijaota ndevu. Sijawahi kuona ng'ombe anapimwa kutoka pembe ya kushoto mpaka kwato ya kulia."

Weee! Wauza mitumba wakaacha meza zao wakaja kutoa hukumu, na wengi wakawa upande wa ng'ombe. Nkuba akasema atalipia inchi alizoziona kwa macho yake, akaanza kukunja futi tuondoke. Moyo ukanipasuka, nikamwona Violet akipiga miayo mpaka nazeeka. Nikamfinya Nkuba, naye akanifinya, kumbe mnadani ndivyo wanavyoambiana mtu atulie. Mwisho Isihaka, jasho linamtiririka, akapunguza laki na nusu. Akasema wazi hapunguzi kwa ajili ya inchi, anapunguza ili tutoke dukani kwake. Bei nzuri hiyo, tusidanganyane.

Nyumbani ikakataa kuta zote isipokuwa ule unaotazama dirisha kubwa la mbele, kwa hiyo makochi tukayageuzia dirisha mgongo. Jioni ya kwanza nikavaa gauni la kanisani, nikakaa, sikio langu lote mlangoni. Kimya. Jioni ya pili, kimya. Nkuba na watoto wanacheka, mimi hata sijui wanacheka nini. Nikawaza labda wivu umemlaza kitandani, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Jioni ya tatu mbu walizidi, nikainuka kufunga pazia. Ndipo nikamwona. Violet yuko barazani kwake, kwenye kiti chenye mto, miguu juu ya stuli, kikombe cha chai mkononi, na ndani kwake kazima kila kitu. Anatazama TV yangu kwa raha zake. Ilivyo kubwa, hakuwa na haja hata ya kuvuka barabara.

Nikabaki nimeshika pazia. Akanipungia mkono.

"Mama Paulo, usifunge bwana, ndo panaanza kunoga. Na uongeze sauti kidogo."

Roho iliniuma mpaka machozi yakanilengalenga. Nikageuka nimwambie mume wangu aone jirani alivyo. Nkuba alikuwa ameshashika remoti, macho hayatoki kwenye TV, na alikuwa anaongeza.