Hadi Kwenye Mikorosho

Tangu matokeo yatoke, Dakta Shekha alikuwa hakaliki. Utafiti wake ulisema wakulima wa bara ya Gede, wanaokunywa maji ya bwawa, wana afya kuliko wenye majumba ya ufuoni Malindi. Upuuzi mtupu! Alijua pana uongo, ila hakumwona mwongo.

Akarudi Gede peke yake, bila wenzake wala gari la utafiti. Tuktuk ikakwama mchangani, akamalizia kwa miguu.

"Shikamoo, mama. Hamjambo humu?"

"Marahaba, mwanangu. Sote wazima," akajibu Mama Kahaso, vile vile alivyojibu mara ya kwanza, na vile vile walivyojibu majirani zake wote.

Shekha akala muhogo aliokaribishwa, akauliza tena habari za watoto, za maji, za matumbo. Njema, njema, njema. Hasira zikampanda, akaaga.

Mama Kahaso akajifunga leso, akatoka naye kumsindikiza, kama ilivyo ada. Walipofika kwenye mikorosho, nyumba haionekani tena, ndipo akapunguza mwendo.

"Ila mwanangu, kale kajukuu kangu tulikazika. Kaliharisha mpaka kakaisha. Ni kabla hujaja na wenzako. Na kwa jirani sasa wawili hawainuki."

Shekha akasimama katikati ya njia.

"Mbona siku ile hukuniambia, mama?"

"Siku ile gari lilikungoja mlangoni," akasema Mama Kahaso. "Ningekusindikiza wapi?"