Nusu ya Yai

Daktari alikuwa ametibu ngozi za mbwa na paka kwa miaka thelathini, na alijua mgonjwa mkaidi si mnyama, ni mwenye mnyama. Lakini mbwa huyu alikuwa amemshinda. Wiki nane za samaki na viazi vitamu bila kitu kingine, kupima kama ni chakula kinachomwasha, na bado alikuwa anajikuna, tumbo jekundu, masikio yamenyonyoka.

"Leo ndiyo mwisho," alisema binti wa mzee mwenye mbwa. "Nimeshapata mtu wa kumchukua. Nyumba inanuka, na usiku halali mtu."

Baba yake aliendelea kumshika mbwa shingoni pale juu ya meza.

Daktari alimtuma binti mapokezi akajaze fomu, akafunga mlango. "Mzee wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Anakula nini kingine?"

Mzee akala yamini kwamba hakuna. Daktari akanyamaza, maana kunyamaza ndiyo sindano yake kali kuliko zote.

"Nusu ya yai tu," mzee akasema hatimaye. "Asubuhi. Zamani nilikuwa nagawana na mke wangu, kabla hajafariki. Binti mwenyewe anakunywa chai amesimama, huyo anaondoka. Kulimaliza peke yangu siwezi, daktari. Linanikaba."

Basi kumbe nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inamwasha mbwa. Daktari alikuwa na ukali wa kumtosha kila mwenye mbwa mjini, lakini siku hiyo aliutafuta asiupate. Alimpenda mzee yule, yakaishia hapo. Akamwita binti, akameza fahari yake.

"Kosa ni langu. Nipeni wiki nane nyingine. Ila kila asubuhi mbwa atolewe nje, na wewe ukae mezani na baba mpaka amalize kula. Hiyo ni sehemu ya dawa."

Binti alimtazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini alikubali.

Wiki nane zilipokwisha walirudi, mbwa ana manyoya mpaka masikioni. Mzee akatangulia naye nje. Binti akabaki mlangoni.

"Siku hizi baba ananikatia nusu ya yai lake," alisema. "Na mimi mayai siyapendi tangu utotoni."

"Sasa unafanyaje?"

"Juzi nilichelewa kuamka. Nikakuta yai limepoa, hajaligusa, ananisubiri." Akatengeneza mkoba begani. "Nakula, daktari."