Jiko Lisilo na Moshi

Wanafunzi walimwita Jemedari, na si kwa ubaya. Mwanamke anayeamrisha masufuria ya kulisha mabweni ya chuo kizima, kasimama kwenye moshi wa kuni tangu kabla jua halijachomoza, jina gani jingine lingemfaa? Binti yake wa mwisho, Kitinda, alipika naye jiko hilohilo. Siku hizo Kitinda alikuwa ameanza kukohoa asubuhi, kikohozi kikavu, na kila alipokohoa moyo wa mama yake ulishtuka.

Ng'ambo ya ua, chuo kilikuwa kimemaliza kujenga jiko jipya. Paa lote sola, madirisha ya juu ya kutolea joto, na moto wa gesi inayotokana na mabaki ya chakula na, mtuwie radhi, vyoo vya mabweni. Injinia wa mradi alipokuwa akiwaeleza na kufika hapo pa vyoo, wapishi walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Kumbe wakishakula wanatuletea na kuni!" alisema Jemedari, akacheka kuliko wote.

Ila gesi haikutosha. Mtambo wa pili wa kuzalisha gesi ulikuwa bado ni shimo lenye maji ya mvua, na mpaka ukamilike, nusu ya wapishi wangebaki kwenye kuni. Msimamizi alipokwisha kuwapanga watu, akamjia Jemedari.

"Mama, imebaki nafasi moja. Ni yako, kwa ukongwe wako."

"Nipe mpaka kesho," akamjibu.

Akaenda zahanati ya chuo, maana kifua chake nacho kilikuwa kinambana, jambo alilomficha hata bintiye. Daktari alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu.

"Mama, toka kwenye moshi. Ukitoka sasa, bado una miaka mbele yako. Ukibaki, sikudanganyi."

"Na kijana aliyeanza kukohoa juzijuzi tu?"

"Kifua kibichi hupona, akitolewa mapema."

"Akicheleweshwa?"

Daktari akamtazama. "Atakuwa kama wewe."

Basi, hapo kulikuwa na la kufikiri? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini tusidanganyane, aliogopa kufa. Alikaa kwenye benchi nje ya zahanati akalia kama mtoto, na alipoinuka alikuwa ameshakata shauri. Kilichobaki ni Kitinda mwenyewe, kwa sababu akiujua ukweli, hata angeburutwa asingekubali kwenda.

Kesho yake Jemedari akashika kiuno mbele ya wote.

"Mimi nipike kwa kinyesi? Thubutu! Mpelekeni huyu, watoto wa siku hizi hawana kinyaa."

Wapishi wakaangua kicheko. Kitinda hakucheka hata kidogo.

"Mama, acha ushamba, unanitia aibu! Si umeelezwa gesi inasafishwa? Mkataa pema, pabaya panamwita."

"Paite tu, nitaitika."

Kitinda akabeba mwiko wake akaenda zake, kanuna. Hapo ndipo palipomchoma Jemedari. Kubaki alikuwa amekubali, ila kuonekana mjinga machoni pa mwanawe, lo, hilo lilimuuma kuliko kifua.

Wiki zikapita. Mchana mmoja Kitinda akatokea mlangoni mwa jiko jipya, aproni nyeupe, uso umenawiri, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua.

"Mama! Njoo basi uone! Hata kuta bado nyeupe!"

"Nina kazi!"

"Mwacheni," Kitinda akawaambia wenzake. "Mama na moshi wake ni chanda na pete."

Wakacheka. Kitinda naye akacheka, kicheko kirefu, na kikohozi hakikukikatiza.

Jemedari akacheka pia, ili wamwone anacheka. Katikati ya kicheko kifua kikamkaba. Akageukia ukuta mweusi wa masizi, akajaza kitambaa mdomoni, akashikilia mpaka kikohozi kikapita. Wanaosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hawakumjua mama huyu, maana alivificha vyote viwili. Kisha akapiga magoti akapuliza moto, kwa kuwa maji yalikuwa hayajachemka na wanafunzi walishaanza kupanga foleni.